Strelizia au helikonia: ipi iende Kigamboni, ipi Njiro?

Ukuta_na_Maua

Wakuu, habari za kazi.

Mteja mmoja ana nyumba mbili na kote anataka "yale maua ya ndege". Nyumba ya kwanza ipo Kigamboni, kama mita 300 kutoka baharini. Sehemu ya kupanda ni ukanda wa mita 18 kwa mita 1.5 chini ya ukuta wa nyuma, upande wake wa mashariki, kwa hiyo jua linapiga asubuhi na kuondoka mchana. Udongo ni mchanga wenye vipande vya matumbawe, maji ni ya kisima na yana ladha ya chumvi. Nyumba ya pili ipo Njiro, Arusha: ukanda karibu sawa na huo, udongo mweusi unaoshika maji, jua karibu siku nzima, maji ya bomba yanayotoka kwa mgao.

Picha alizonitumia zimechanganya strelizia na helikonia kana kwamba ni ua moja. Hata mafundi bustani wengi wanaziita zote "ndege wa peponi", na ukiagiza miche unaweza kuletewa yoyote kati ya hizo. Nataka kujua zinatofautianaje kwa mambo yanayomgusa mwenye nyumba: maji, jua, muda wa kusubiri ua la kwanza, usafi wa kila wiki, na kama mmea unabaki ulipopandwa au unatembea. Ipi iende wapi, na ni miche mingapi kwa mita 18?

Kitalu_Tanga

Mkuu, kwa haraka: strelizia Njiro, helikonia Kigamboni. Ukigeuza, mimea haitakufa. Itakuwa majani mengi na maua ya kubahatisha.

Ujue kwanza unaletewa nini. Strelizia (Strelitzia reginae) haina shina la kuonekana. Majani yanatoka moja kwa moja ardhini yakiwa yamejipanga pande mbili kama upepeo, kikonyo kirefu kigumu, jani la kijani chenye ukijivu na ugumu wa ngozi. Kimo ni mita 1 hadi 1.5. Ua linatoka kwenye ganda gumu la kijani lililolala kama mdomo wa ndege, na ndani ya ganda hilo maua manne hadi sita yanachomoza kwa zamu, rangi ya chungwa na mshale wa buluu. Ua moja likinyauka, jingine linasukuma kutoka ndani, ndiyo maana kikonyo kimoja kinapendeza kwa wiki kadhaa.

Helikonia ina shina kama la mgomba: maganda ya majani yaliyojiviringisha, na ua linapita katikati na kutokea juu. Zile sehemu nyekundu au za njano unazoziona si maua, ni majani yaliyogeuka rangi. Maua yenyewe ni madogo, yamejificha ndani. Katika Heliconia psittacorum ua limesimama na kimo hakizidi mita 1.5 mara nyingi. Katika Heliconia rostrata ua linaning'inia, jekundu lenye ncha za njano, na mmea unafika mita 2 hadi 4. Kwa ukanda wa mita 1.5 rostrata itakumezea njia.

Asili yake inaeleza karibu kila kitu. Strelizia ni ya Afrika Kusini, Eastern Cape na KwaZulu-Natal, imezoea ukame wa muda na usiku wa baridi kiasi. Mizizi yake ni minene na inahifadhi maji. Helikonia karibu zote ni za misitu ya joto ya Amerika, chache tu za visiwa vya Pasifiki. Tunguu lake linakaa karibu na uso wa ardhi, linataka unyevu bila kukatika, na nyuzi joto zikishuka chini ya 15 linasimama kukua. Chini ya 10 majani yanaungua. Usiku wa Juni na Julai Arusha unakaribia sana hapo.

Idadi kwa mita 18: strelizia mstari mmoja, kila mita 1.2, mashina (yaani mimea) 15. Psittacorum mistari miwili iliyopishana, kila sentimita 70, kama matunguu 52.

Bustani_Limuru

Naongeza kuhusu strelizia, kwa sababu huku nyanda za juu ndiyo tunayoipanda zaidi.

Kosa la kwanza hutokea siku ya kununua. Miche midogo ya Strelitzia nicolai huuzwa kwa jina la strelizia tu. Hiyo ni mti: inafika mita 6 na zaidi, ua lake ni jeupe na buluu, na mizizi yake inainua sakafu na kupasua mabomba. Ikiwa changa, itambue kwa jani: ni pana, laini na la kung'aa, chini limejikunja kwa duara. Ya reginae ni jembamba zaidi, kijani cha kijivu, na mara nyingi mshipa wa kati una wekundu. Muuzaji akishindwa kukuonyesha mmea mama wenye ua, achana naye.

Kosa la pili ni kina. Shingo ya mmea, pale majani yanapoungana na mizizi, ikae usawa wa ardhi. Ukiifukia hata sentimita 5 zaidi, unaweza kusubiri ua miaka. Udongo mweusi wa Njiro unashika maji, kwa hiyo panda juu ya tuta la sentimita 20. Shimo liwe na upana wa sentimita 60 na kina cha 40. Changanya udongo uliotoka na ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri na ndoo moja ya mchanga mkavu wa mtoni au kokoto ndogo. Usimwage kokoto chini ya shimo peke yake. Maji yatasimama hapo juu yake na kuozesha mizizi.

Kuhusu muda: mche wa mbegu huchukua miaka 3 hadi 5 kutoa ua, wakati mwingine zaidi. Mteja wa sasa hasubiri hivyo. Tafuta shina kuu la zamani, ligawe. Fanya mwanzoni mwa masika: chimba mduara wa sentimita 40 kutoka kwenye majani, inua shina lote, osha udongo, kisha kata kwa panga kali kati ya pepeo, yaani yale mafungu ya majani. Kila kipande kiwe na pepeo tatu au nne. Kipande cha upepeo mmoja kitaishi, ila kitakaa sana kabla ya kutoa ua. Punguza majani kwa nusu, weka vipande kivulini siku mbili ili vidonda vikauke, halafu panda na umwagilie mara moja vizuri. Baada ya hapo nenda taratibu kwa wiki tatu; kidonda kibichi na udongo uliolowa ndivyo vinavyoleta uozo. Tegemea mwaka mmoja hadi miwili ya utulivu kabla maua hayajarudi kwa wingi. Ndiyo maana hatugawi strelizia mara kwa mara. Ikibanana ndipo inatoa maua vizuri.

Na tafadhali, umwambie kijana wa bustani asiipunguze kwa mkasi wa ua la michongoma. Chipukizi la ua hukaa kwenye kwapa la jani. Ukikata majani yote kwa usawa, umekata maua ya msimu ujao. Kinachotolewa ni jani kavu la nje, kwa kulivuta chini na kando, na kikonyo cha ua lililokwisha, kwa kukikata chini kabisa.

Mzee wa Matandazo

Wadau, kwa Njiro sina neno. Kwa Kigamboni ngojeni kidogo. Ukanda upo mashariki mwa ukuta, na bahari ipo mashariki. Kusi inatoka kusini mashariki, kaskazi inatoka kaskazini mashariki, zote mbili zinapiga upande huo huo na kurudi kwenye ukuta. Helikonia haipendi upepo hata ule usio na chumvi: jani linachanika kati ya mishipa kama la mgomba, na ncha zinakauka rangi ya kahawia. Ukiongeza maji ya kisima yenye chumvi, itaungua juu na chini.

Ukuta_na_Maua, tupe habari zaidi: kuna nini kati ya ukanda na bahari? Na maji ya kisima yamepimwa?

Ukuta_na_Maua

Shikamoo Mzee. Nyumba yenyewe ya ghorofa moja ipo kati ya ukanda na bahari, inakinga mita 14 za kwanza. Mita 4 za mwisho, upande wa kusini, ziko wazi kabisa. Kwa sababu ya nyumba, jua linaingia saa mbili na nusu hivi na linaondoka saa nane. Maji hayajapimwa. Kuna tangi la kuvuna mvua la lita 5,000 lakini analitumia kufulia.

Mteja anataka kuona maua ndani ya mwaka mmoja. Na ameuliza kama anaweza kuchanganya zote mbili kwenye ukanda mmoja.

Mzee wa Matandazo

Marahaba. Basi imekuwa rahisi.

Mita 4 za upeponi weka strelizia tatu. Jani lake gumu linavumilia chumvi ya hewani kwa kiasi. Ila mweleze mteja mapema kwamba pwani strelizia haitoi maua kama ya Arusha. Joto kali likidumu, chipukizi la ua hufia ndani kabla halijachomoza. Atapata majani mazuri mwaka mzima, na maua hasa miezi ya baridi baridi. Mita 14 zilizokingwa weka helikonia fupi. Mimi ningechukua 'Golden Torch', chotara ya psittacorum: rangi ya njano ya dhahabu, inasimama vizuri, na jua la muda wa saa tano na nusu kwa siku linaitosha. Psittacorum zenyewe nazo zitafaa ila zikipungukiwa jua zinarefuka na kulala.

Kuchanganya kwa maana ya kupandikiza moja katikati ya nyingine, hapana. Helikonia inatembea. Tunguu linasonga pembeni na kutoa vichipukizi, na ndani ya misimu michache litakuwa limeingia katikati ya mizizi ya strelizia. Kuzitenganisha baadaye ni kung'oa zote. Pale zinapokutana chimba mfereji wa kina cha sentimita 50, simamisha humo nailoni nene ya ujenzi iliyokunjwa mara mbili au tofali za saruji zilizoungwa, na uache sentimita 5 zionekane juu, maana tunguu likikosa njia chini hujaribu kupanda juu.

Mahitaji ya maji nayo hayalingani. Helikonia kwenye mchanga, wakati wa kiangazi, inahitaji kama lita 10 kwa kila mita ya mraba, siku moja ndani ya mbili. Mita 14 kwa 1.5 ni mita za mraba 21, yaani lita 210 kila unapomwagilia. Strelizia iliyokwisha kushika mizizi inaridhika na lita 15 kwa shina mara moja kwa wiki. Kwa Njiro, mashina 15 ni lita 225 kwa wiki nzima, hata kwa mgao hazikosekani. Weka valvu mbili, mwagilia kila moja peke yake.

Maji ya chumvi: pimeni kwanza kwa kipimo cha umeme wa maji, kinachoonyesha wingi wa chumvi, maduka ya pembejeo mengi wanacho. Kama yana chumvi nyingi, helikonia ipewe maji ya mvua kutoka kwenye lile tangi, au ya kisima yaliyochanganywa nayo, na kila wiki mbili mwagilia mara moja kwa wingi mara mbili ya kawaida ili chumvi iteremke chini ya mizizi. Kunyunyizia kidogo kidogo kila siku ndiko kunakoikusanya chumvi juu. Na maji yasipite kwenye majani, yapite chini kwa bomba lenye matone.

Kitalu_Tanga

Mzee kaeleza vizuri, nakubali hiyo ya mita 4.

Sasa matumbawe. Udongo wenye chokaa ya matumbawe una alkali, na helikonia inataka udongo wenye asidi kidogo, pH 5.5 hadi 6.5. Kwenye alkali chuma kipo ila mzizi hauwezi kukichukua. Dalili: jani jipya linatoka la njano huku mishipa yake imebaki kijani. Watu huona njano, humwaga urea, mmea unasukuma majani mengi zaidi ya njano. Tofautisha: njano ikianzia majani ya zamani, ukingoni, na katikati pakabaki kijani, huo ni upungufu wa magnesiamu, tumia chumvi ya Epsom, gramu 20 kwa lita 10 za maji, mwagia chini. Jani la zamani likififia lote kwa usawa, hapo ndipo nitrojeni imepungua. Kwa ile ya chuma, nunua chelati ya chuma, yaani chuma kilichotengenezwa ili mzizi uweze kukichukua, ya aina ya EDDHA. Aina ya EDTA ni bei nafuu lakini kwenye udongo wa alkali inavunjika kabla haijasaidia.

Bora zaidi ni kutengeneza ukanda kabla ya kupanda. Chimba sentimita 40, toa vipande vyote vya matumbawe, na kwa kila mita moja ya urefu rudisha mchanga pamoja na madebe mawili ya samadi iliyoiva na debe moja la mboji. Mita 14 ni madebe 28 ya samadi na 14 ya mboji; ni gharama, lakini mchanga mtupu hauishiki mbolea hata ukiweka mfuko mzima. Funika kwa matandazo sentimita 8 hadi 10, makuti yaliyokatwakatwa yanafaa. Majivu usiweke, yanaongeza alkali.

Tunguu la kupanda liwe na shina moja au mawili yaliyokatwa kwa urefu wa sentimita 20, na angalau jicho moja linalovimba. Osha, kata mizizi yote ya zamani, chonga sehemu za kahawia mpaka ubaki weupe mtupu, chovya kwenye dawa ya ukungu ya shaba kwa kipimo cha lebo. Panda kwa kina cha sentimita 8 hadi 10, shina la zamani likisimama. Hilo shina la zamani litakauka; usilihurumie, mmea mpya unatoka pembeni. Mita 14, mistari miwili, kila sentimita 70: matunguu 40, ongeza 4 ya kujazia. Aina hizi fupi zikishika vizuri zinaanza kutoa maua kati ya mwezi wa nne na wa nane tangu kupandwa, kwa hiyo ndani ya mwaka mteja atayaona.

Usafi: kila shina la helikonia linatoa ua mara moja tu, kisha linakufa. Ua likiisha, kata shina lote chini, sentimita 5 kutoka ardhini, mwanga uingie kwa vichipukizi. Usipofanya hivyo, baada ya mwaka ni kichaka cha mashina makavu na panya ndani yake. Kazi hii ni ya kila wiki mbili. Strelizia unaitembelea mara moja kwa mwezi.

Shamba_la_Maua

Mjadala mzuri. Nagusia magonjwa, halafu mbolea, maana naona watu wengi wanaamini strelizia inapenda shida.

Helikonia ni ndugu wa mgomba, na minyoo ya mizizi inayoangusha migomba, Radopholus similis, inaishambulia pia. Ukiona mmea umedumaa, unalala kwa upepo mdogo, na mzizi ukiupasua una mistari myekundu ya kahawia, ndiyo hiyo. Dawa nzuri ni kutoianzisha: usichukue matunguu kutoka bustani iliyopakana na migomba dhaifu, na kule kuchonga hadi weupe alikosema Kitalu_Tanga kusirukwe. Maji yakisimama, tunguu linaoza kwa ukungu. Linanuka na kuwa laini.

Strelizia inasumbuliwa zaidi na wadudu gamba na vidung'ata, wanajibana kwenye makwapa ya majani na chini ya jani. Ukiona masizi meusi kwenye majani, pandisha macho: kuna wadudu juu wanaotoa utomvu mtamu, na sisimizi wanawalinda. Ondoa majani makavu kwanza, kwa kuwa ndiyo makazi yao. Kisha sugua kwa kitambaa na maji ya sabuni ya maji, mililita 10 kwa lita moja, na rudia kila siku 7 mara tatu. Mafuta ya mwarobaini nayo yanasaidia, ila yapulizwe jioni. Ukipuliza mchana wa jua jani linaungua. Kama majani ya upepeo mmoja yananyauka na udongo una unyevu, chimba uangalie mizizi: iliyooza ni ya kahawia na ganda lake linavuka kwa vidole. Kata upepeo huo wote, acha shimo wazi siku chache, punguza maji.

Sasa mbolea. Ni kweli nitrojeni nyingi inaleta majani kuliko maua. Lakini kila jani jipya la strelizia lina nafasi ya chipukizi la ua kwenye kwapa lake, kwa hiyo mmea usiotoa majani mapya hauna mahali pa kutolea ua. Kuunyima kabisa ni kujinyima. Kwa Njiro: mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa masika na mwanzo wa vuli, nusu debe ya samadi kwa shina na gramu 50 za NPK 17:17:17, zikizungushwa sentimita 30 kutoka shingoni, zisiguse majani. Basi.

Helikonia inakula zaidi. Gramu 50 za NPK kwa mita ya mraba kila wiki 6 hadi 8, ukipata yenye potasiamu nyingi chukua hiyo, na samadi mpya juu ya udongo mara mbili kwa mwaka. Kwenye mchanga wa Kigamboni gawa hiyo dozi mara mbili, mvua moja kubwa inateremsha yote.

Bustani_Limuru

Mtaalamu, hapo kwenye samadi ya strelizia nakubali, ila iwe imeoza kweli. Samadi mbichi ya ng'ombe ikigusa shingo, inaozesha. Huku tunaikalisha miezi mitatu hadi minne ikiwa imefunikwa.

Pia, Ukuta_na_Maua, kama mteja ana mbwa au paka, mwambie mbegu na maua ya strelizia yakiliwa yanawatapisha. Ukikata vikonyo vya maua yaliyokwisha kabla hayajafunga mbegu, tatizo limeisha. Na akitaka kujaribu mbegu kwa ajili ya miche ya baadaye: ni nyeusi, zina manyoya ya rangi ya chungwa. Ng'oa manyoya, loweka siku nzima kwenye maji ya kawaida, kisha nusu saa kwenye maji ya nyuzi joto 57 yaliyopimwa kwa kipimajoto ili kuua ukungu unaosafiri na mbegu, zipoe, panda kina cha sentimita 1 hadi 1.5 kwenye mchanga na mboji, mahali penye joto la 25 hivi. Zinaota kati ya mwezi mmoja na mitatu, bila mpangilio. Akipenda rangi ya njano, ipo aina ya Kirstenbosch, ile bustani ya mimea ya Cape Town, iliyopewa jina 'Mandela's Gold' mwaka 1996 kwa heshima ya Nelson Mandela. Matunzo ni yale yale.

Ukuta_na_Maua

Nashukuru sana wote. Maswali mawili ya mwisho. Mteja anapangisha nyumba ya Kigamboni na wageni wanalalamikia mbu. Nimesikia helikonia inazalisha mbu. Na mke wake anapenda kukata maua ya kuweka mezani.

Kitalu_Tanga

Mbu: helikonia kubwa zilizosimama, kama bihai na wagneriana, zina vikombe vinavyojaa maji ya mvua, na ndani yake viluwiluwi wanaweza kukaa. Rostrata inaning'inia, maji yanamwagika. Psittacorum na 'Golden Torch' zina vikombe vidogo visivyoshika kitu cha maana. Kwa hiyo uchaguzi wenu uko salama. Akija kuongeza zile kubwa, vikombe vioshwe kwa bomba la maji lenye nguvu kila siku tano. Kwapa la jani na visahani vya vyungu vinazalisha zaidi, aviangalie hivyo kwanza.

Kukata: helikonia haiendelei kufunguka ikishakatwa. Subiri vikombe viwili au vitatu vifunguke, kata asubuhi na mapema chini kabisa ya shina, ondoa majani, zamisha ua lote kwenye maji safi nusu saa, kata tena ncha sentimita 3, weka kwenye chombo. Inakaa siku 10 hivi, wakati mwingine hadi 14. Isiingie friji, chini ya nyuzi 12 inageuka nyeusi.

Strelizia kinyume chake, kata ganda linapoanza kuonyesha rangi ya chungwa au ua la kwanza lilipochomoza tu, mengine yatatokea mezani. Ua la kwanza likinyauka na la pili limekwama, lowesha ganda kwa maji ya vuguvugu dakika 20, pasua kidogo kwa kidole gumba upande wa juu, livute taratibu kwenda nyuma. Inavumilia friji ya nyuzi 7 au 8, siyo chini ya hapo. Kwenye chombo kimoja zote mbili zinakaa bila shida, badilisha maji kila siku mbili.

Ukishachimba ule ukanda, kabla ya kurudisha mchanga chukua udongo wa sehemu tatu, pima pH. Ikizidi 8, agiza EDDHA mapema; usisubiri mpaka majani yawe ya njano ndipo uanze kuitafuta.